Neno Ambalo Ningelisahau

Kilichoninyima usingizi mwaka ule ni neno moja ambalo sikulijua. Nililala kwenye kontena lililogeuzwa chumba, upande wa Geita, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwaza kwamba siku moja mtu wa pale kambini, mwenzake ameumia, ataandika neno kwenye kompyuta, na kompyuta itamjibu kuwa hakuna kitu kama hicho. Kitu kitakuwapo. Kitakuwa kimeandikwa vizuri na picha juu yake. Ila mimi, niliyepewa kazi ya kukifanya kionekane, nitakuwa sikulifikiria neno hilo. Nililitafuta kichwani, nikapata maneno mengine mengi, kila moja likinithibitishia kwamba lenyewe bado.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni. Kwetu ni Ibadakuli, Shinyanga, na kwa mama yangu kupata kazi mgodini ulikuwa ushindi usiohitaji maelezo. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa changa, ikajenga mgodi wake kwa haraka, na mimi nilichukuliwa kwa majaribio. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha maelezo ya usalama na ya mitambo kutoka kwenye mafaili mazito, kuyaweka kwenye kurasa za kompyuta ambazo mtu angeweza kuzisoma akiwa ofisini, karakana, au kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Zilikuwa kurasa tuli: maandishi na michoro, zinakaa vilevile mpaka nizibadilishe mwenyewe. Ukizifungua ni sawa na kufungua kitabu. Tabu ni kwamba kitabu chenyewe kilikuwa kinene kuliko chochote nilichowahi kukishika, na mtu aliyeumia hana muda wa kupekua.

Tulijua hivyo kwa sababu ilikuwa imeshatokea. Kabla sijaajiriwa, mzee mmoja wa kwenye mtambo alimwagikiwa na vumbi la chokaa usoni. Chokaa ile huwekwa kwenye matangi wakati wa kuchenjua, na ikikutana na unyevu wa jicho inaunguza. Maelezo yalikuwapo: suuza kwa maji mengi, endelea kusuuza, usisugue. Yalikuwa ndani ya faili, faili ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye mkoba wa mkuu wa usalama, ambaye siku hiyo alikuwa msibani Chato. Wenzake walifanya kile ambacho huruma iliwaambia wafanye. Walimpangusa kwa kitambaa. Jicho la kushoto halikupona.

Alipotoka hospitali walimweka getini. Kila asubuhi nilipopita alinisalimia kwa Kisukuma kabla sijatoa shikamoo yangu.

“Mwangaluka, mwanangu.”

“Shikamoo, baba. Umeamkaje?”

“Marahaba. Mhola duhu, salama tu. Hicho kitabu chako cha umeme kimekwisha?”

“Bado kidogo.”

“Haya. Mimi nipo tu.”

Alisema hivyo bila kinyongo, na hilo ndilo lililonifanya nitembee haraka kuelekea ofisini nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kurasa zenyewe niliziandika kwa Kiswahili, nikisaidiwa na mkuu wa usalama. Alikuwa mama wa makamo, mnene wa sauti, na kambi nzima ilimwita Mama Usalama hata alipokuwa dukani mjini akinunua sukari. Kilichobaki ni kitafutio: kile kisanduku ambamo mtu anaandika anachokitaka, naye anaonyeshwa ukurasa. Nilikuwa na viwili vya kuchagua, na ningependa kuvieleza taratibu, maana mimi mwenyewe nilivizungukia mpaka nikachoka.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa. Mtaalamu wa kompyuta kutoka Dar es Salaam alishuka kwa ndege uwanja wa Mwanza, akaletwa kambini, akakifunga kwenye seva ya ofisini, akaondoka kabla vumbi halijatulia kwenye viatu vyake. Kitafutio hicho kilisoma kurasa zote chenyewe na kukumbuka kila neno lililokuwamo. Sikuhitaji kufikiria lolote. Lakini kilikuwa na masharti. Seva ikizimika, nacho kimezimika, na seva yetu ilizimika kila jenereta lilipobadilishwa. Halafu kilitaka kila neno uliloandika liwemo kwenye ukurasa. Likikosekana moja, ukurasa wote unaachwa. Nilimuuliza mtaalamu kama sharti hilo linaweza kulegezwa, akasema toleo lile halina nafasi hiyo, na kwamba ni uzuri wake, kwa sababu hakileti takataka.

Cha pili kilikuwa kidogo mno, mistari michache ya programu inayosafiri pamoja na kurasa zenyewe. Hakikuhitaji seva. Ungeweza kunakili kila kitu kwenye sidii, ukaiingiza kwenye kompyuta ya karakana, kikafanya kazi kama kawaida hata ofisi nzima ikiwa gizani. Neno lisilojulikana kililiruka tu, kikashika yale kinayoyajua, na ukurasa uliogusa maneno mengi zaidi kikauweka juu. Ila hakikusoma chochote. Orodha ya maneno, ukurasa kwa ukurasa, ilibidi niiandike mimi. Ukurasa niliousahau haupo. Neno nililolisahau halipo.

Mtu mwingine angechagua kwa dakika chache. Mimi nilikaa na viwili hivyo wiki baada ya wiki, nikaandika sababu za kila upande, nikazichana, nikaziandika tena kwa mpangilio mwingine. Kila nilipokaribia kile kidogo nilijiona kwenye kikao, nimesimama, mtu ananiuliza: kwa nini neno hili hukuliweka? Kila nilipokaribia kile kikubwa nilipumua vizuri zaidi. Kikikosea, kimekosea chenyewe. Kililetwa kwa ndege na mtaalamu. Nani angenilaumu?

Mwishowe Mama Usalama alichoka na sura yangu.

“Wewe ni kama mtu anayechagua mchumba,” alisema. “Twende tukakijaribu. Weka kile kikubwa, watu waulize, tuone.”

Tulikijaribu karakana, mchana, wakati wa mapumziko. Kompyuta ilikuwa kwenye meza kando ya matairi, imefunikwa nailoni kwa ajili ya vumbi, na watu walikuja na sahani zao za ugali mkononi. Wengi walikuwa Wasukuma wa hapa hapa, wengine wamekuja kutoka Mara, Singida, na kwingine, wakiifuata dhahabu kama kila mtu. Mzee wa getini naye aliitwa, mwenzake akamshikia zamu.

Mama Usalama aliwaeleza kwa kifupi. “Hii humu ndani ina kila kitu ambacho ninajua mimi. Siku nikiwa sipo, muulizeni huyu. Muulizeni kama mnavyoniuliza mimi, hakuna kuogopa. Nani anaanza?”

Walisukumana kidogo, kisha wakamsukuma mzee. “Wewe ndiye mwenye mji, baba, anza.”

Alifuta vidole kwenye suruali na kuketi. Alibonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kwa jicho moja, uso ukiwa karibu sana na kibao. Nilisimama nyuma yake. Alichokiandika nakikumbuka mpaka leo: *Shikamoo mama naomba kuuliza chokaa ikimwingia mtu jichoni tumfanyeje.*

Nilimwonyesha pa kubonyeza. Kompyuta ilifikiri, kisha ikaleta mstari mmoja ambao nilikuwa nimeuandika mwenyewe, kwa heshima zote nilizokuwa nazo: *Hakuna ukurasa uliopatikana.*

Karakana ililipuka kwa kicheko.

“Imekukatalia shikamoo, mzee!”

“Hata marahaba haina. Imelelewa wapi hii?”

“Bwana, labda ina umri mkubwa kuliko wewe, inataka uinamishe kichwa!”

Mzee naye alicheka, kwa adabu tu. Nami uso ulinichoma. Nikainama, nikamweleza kwamba asianze na salamu, wala asiandike sentensi, aandike tu neno lenyewe. Chokaa. Basi.

Akageuka akaniangalia. “Neno moja? Yaani nifike kwa mtu nimtupie neno kama ninafukuza kuku?”

“Si mtu, baba. Ni mashine.”

“Mama amesema tumuulize kama tunavyomuuliza yeye.”

Mama Usalama alikohoa. Mzee aliandika *chokaa*, lile neno peke yake. Zikaja kurasa nyingi. Ya kwanza ilihusu namna ya kuagiza chokaa kutoka bohari. Ya pili, namna ya kupanga magunia yake yasilowe. Akazisoma kwa sauti, pole pole, kichwa cha habari baada ya kichwa cha habari, na kadiri alivyosoma ndivyo kicheko kilivyopungua, hadi ikabaki sauti ya sahani tu. Ukurasa wa jicho ulikuwa chini kabisa, ambako ilibidi asogeze skrini chini, na hakujua namna ya kusogeza.

“Kwa hiyo upo,” alisema nilipomsogezea. “Umekaa chini.” Kisha akainuka, akaomba samahani kwa kuwachelewesha wengine, akarudi getini.

Walijaribu na wengine. Dereva wa kijiko, ule mtambo wa kuchotea mawe, aliandika *habari za kazi, mafuta ya breki yanavuja*. Hakuna. Mama mpishi alitaka kujua gesi ikinuka jikoni afanye nini, akamalizia swali lake kwa *asante*. Hakuna. Wale wawili watatu waliosoma sekondari waliandika neno moja moja kama nilivyoelekeza, wakapata, lakini niliona kwamba kila mmoja alipoketi mkono wake ulienda kwanza kwenye salamu, kisha ukarudi nyuma kama uliokaripiwa.

Jioni hiyo sikula. Nilijiambia kwamba tatizo ni dogo, la kufundisha tu. Nikajiambia vilevile kwamba kama nilitakiwa kuwafundisha watu wazima kuacha kusalimia ili wapate maji ya kuosha jicho, basi kulikuwa na kitu kimepinda mahali, na huenda kilichopinda ni mimi.

Baada ya siku chache mtaalamu alipiga simu ya ofisini kutoka Dar. Alitaka ripoti yangu, kwa kuwa kampuni ilikuwa na kambi nyingine, moja yake karibu na Buzwagi, na alikusudia kufunga kitafutio hicho hicho kote. Nilimweleza yaliyotokea. Alicheka, si kwa ubaya.

“Mdogo wangu, wafundishe. Watu wanafundishika. Mimi mama yangu wa kijijini siku hizi akifika posta anapiga simu mwenyewe.”

“Wanaofanya kazi hapa wanabadilika kila mara, kaka. Nikimaliza kuwafundisha hawa wameshaondoka.”

“Si unabandika karatasi ukutani? Andika neno moja tu. Kwa herufi kubwa.”

“Na aliyeumia atasoma karatasi kwanza?”

“Sasa wewe unapendekeza nini? Hicho cha kuandika maneno kwa mkono? Na ukisahau neno?”

Alikuwa ameuweka mkono palepale panaponiuma bila hata kupatafuta. Nilisema nitamwandikia, nikaweka simu chini, nikabaki nimeitazama.

Jumamosi ile nilipata lifti ya lori hadi Shinyanga. Nilifika nyumbani Ibadakuli jua likiwa bado kali, na mama alikuwa uani anachambua karanga na shangazi. Nilikuwa na lile swali kichwani njia nzima. Nilipita moja kwa moja, nikauliza, “Maji ya kunywa yako wapi?”

Shangazi aliacha kuchambua. Mama hakuinua hata uso.

“Mwadila,” alisema, salamu yetu ya mchana, kama anayezungumza na karanga.

“Samahani, mama. Shikamoo. Shangazi, shikamoo.”

“Marahaba. Sasa nimesikia kuna mtu.” Akanionyesha mtungi kwa kidevu. “Huko dhahabuni mnaongeaje? Mnabwekeana?”

Shangazi alicheka hadi karanga zikamwagika. Nilikunywa maji nimesimama. Mama alikuwa ameniona nikiingia, amenisikia nikiuliza, na anajua maji yalipo, lakini kwake swali lisilo na salamu lilikuwa halijafika. Si kwamba aliniadhibu. Lilikuwa halijafika tu. Nilijaribu kufikiria mama akiwa na hofu, jirani amemwagikiwa na kitu usoni, yeye amekimbilia kwa mtu anayejua. Hata hapo angeanza na kumwita mtu huyo kwa heshima yake. Angesema “mwanangu, tafadhali,” angesema “nisaidieni jamani,” angesema yote hayo kabla ya kusema chokaa. Hofu isingemfupisha maneno. Ingemrefusha.

Nilirudi kambini Jumatatu nikiwa na uhakika wa jambo moja, na kama kawaida yangu uhakika huo haukunituliza. Kile kikubwa hakikufaa. Lakini kile kidogo bado kiliningoja na orodha yake tupu, na kila nilipoifungua nilisikia sauti ya yule mtaalamu. Na ukisahau neno?

Mama Usalama alinikuta nimekaa mbele ya orodha hiyo mchana kutwa bila kuandika kitu.

“Unaogopa nini hasa?” aliuliza. Alivuta kiti, akakaa. “Usinieleze mambo ya seva. Wewe.”

“Naogopa kusahau neno, mama. Mtu aulize, asipate, na iwe ni kwa sababu yangu.”

“Na kile kikubwa kikimkosesha?”

“Hapo haitakuwa kwa sababu ya mtu.”

Nje mtambo wa kusagia mawe ulikuwa unanguruma, vioo vya dirisha vikitetemeka kidogo kama vilivyotetemeka siku zote.

“Lile jicho,” alisema, “walipokaa kikao, walitafuta mwenye kosa. Mimi nilikuwa na ruhusa ya msiba, imesainiwa. Kabati lilitakiwa kufungwa, lilifungwa. Wenzake hawakuwahi kufundishwa, basi hawana kosa. Tukaandika kwamba hakuna aliyekosea, tukatia sahihi, tukanywa soda. Yule mzee alikuwa amekaa mlangoni anasubiri kuambiwa.” Aliangalia mikono yake. “Ningependa siku ile kungekuwa na mtu mmoja wa kulaumiwa. Hata mimi. Angalau mtu huyo angekuwa amelifikiria lile kabati.”

Akainuka, akarudisha kiti mahali pake.

“Ukisahau neno nitakutukana,” alisema. “Nitakutukana sana, mbele za watu. Halafu utaliongeza. Haya, fanya kazi.”

Kuanzia siku iliyofuata nilihamia karakana na daftari. Sikuwauliza watu wanajua neno gani. Niliwaomba waniulize kama wanavyomuuliza Mama Usalama, nami nikaandika swali zima, shikamoo yake, pole yake, na hodi yake. Walidhani ni mchezo, wakaufurahia. Wengine walichanganya na Kisukuma, nikaandika na hicho. Mmoja aliniuliza afanyeje mkewe akikataa kuhamia Geita, nikamwambia ukurasa huo bado, watu wakacheka. Kisha nilikaa ofisini nikachuja. Salamu niliziacha nje ya orodha, kwa kuwa kitafutio kile kidogo kilizipokea kikazipita kimya, kama mtu mwenye haraka anayeitikia akiwa anatembea. Ukurasa wa chokaa machoni ndio nilioupa maneno mengi kuliko kurasa zote. Niliusoma kila nilipokaa mezani, na kila niliposoma niliongeza jingine.

Sikuwahi kufika mahali nikasema sasa yamekwisha. Ningependa kuandika kwamba siku moja nililiona lile neno, nikaliweka, nikalala. Haikuwa hivyo. Asubuhi moja ya mvua nilielewa tu kwamba kadiri ninavyosubiri orodha ikamilike ndivyo kile kikubwa kinavyoendelea kukaa kwenye kompyuta zote, kikiwaambia watu hakuna. Nilifungua ukurasa wa mbele, nikakifuta kisanduku chake, nikaweka kile kidogo mahali pake. Nikamwandikia mtaalamu barua pepe ya mistari michache: nimekiondoa, hizi ndizo sababu, orodha ni yangu, na ikipungua neno aulizwe aliyeiandika. Niliweka jina langu lote chini. Nikabonyeza kutuma.

Kisha nilinakili kila kitu kwenye sidii, moja ya karakana, moja ya mtambo, moja ya jikoni, nikazifunga kwenye nailoni zisilowe, nikatoka nazo mvuani.